Si Majivu Yaliyounguza Avoka Zetu



Wale wanaolitunga gazeti waliniomba niandike maneno ya kuaga, kwa maana mimi ni finalisti, na tukishafanya mtihani wa Serikali tutatoka. Kila mwaka kapita wa wanafunzi anaandika juu ya bidii, adabu na umoja. Mimi pia nilianza hivyo, nikajaza ukurasa mzima. Lakini nilipousoma niliona haya, kwa sababu kuna neno moja ambalo nusu ya shule inalijua, na nusu nyingine inalijua vibaya. Ni neno la avoka zetu. Basi niliomba ruhusa niandike hilo, na nimepewa.

Ninyi wote mnajua shamba la avoka lililo nyuma ya madarasa, kwenye mteremko unaoelekea Ruzizi. Ni miti 19. Wakubwa wetu waliipanda mwaka wa 2016, wengine wao leo wako na watoto. Mgeni akifika anadhani ni mapambo ya shule. Lakini wale kati yetu waliofiwa na wazazi wanajua kwamba mapambo haya yanalipa minervali. Msimu ukifika wamama wa soko wanakuja na vikapu, feza inaingia katika sanduku la wanafunzi, na sanduku linawasaidia wale ambao wangerudishwa nyumbani. Mimi mwenyewe nilisaidiwa mara mbili. Mara ya pili ilikuwa mwaka wa 2025, wakati vita ilipoingia Bukavu katika mwezi wa pili, mabenki yakafungwa, na baba yangu akakaa bila mshahara. Kwa hiyo nikisema juu ya miti hii, sisemi juu ya mali ya jirani. Masomo yangu yalitoka kwenye matawi yake.

Nilichaguliwa kuwa kapita mwishoni mwa mwaka uliopita wa masomo. Wakati ule miti ilikuwa imezaa vibaya: avoka ndogo, chache, matawi mengine bila kitu. Watu wakasema, ndivyo avoka ilivyo, mwaka huu inazaa, mwaka ujao inapumzika. Ni kweli kwamba mti wa avoka una tabia hiyo. Ukibeba matunda mengi sana mwaka mmoja, nguvu zinaisha, na mwaka unaofuata unatoa machache. Lakini ya kwetu ilikuwa inapumzika mwaka wa tatu mfululizo. Hiyo si kupumzika tena, ni ugonjwa au njaa. Nikasema moyoni, mimi nitakuwa kapita aliyeziamsha avoka. Mnaona namna jambo lilivyoanza: lilianza na jina langu.

Baba yangu mdogo analima mpunga katika bonde la Ruzizi. Alikuwa amebakiwa na nusu mfuko wa urea, kilo 25, akanipa bure. Niliipandisha mpaka Mumosho kwa pikipiki, nikalipa safari kwa feza yangu mwenyewe, na nilijisikia kama mtu anayeleta dawa hospitalini.

Tulifanya salongo ya kwanza katika juma la kwanza la mwezi wa kenda. Mvua ilikuwa bado haijashika, udongo ulikuwa vumbi tupu. Kwanza tulifagia majani yote chini ya miti mpaka ardhi ikawa nyekundu na safi kama uwanja wa kanisa, kisha tukayachoma majani. Tulifanya vile kila mwaka; ndivyo tulivyofundishwa usafi. Halafu nikafungua mfuko. Ningeweza kuigawia miti yote 19, lakini sikufanya hivyo. Nilichagua miti saba iliyo kando ya barabara, kwa sababu mwezi ule tulikuwa tunangoja wageni wa ofisi ya mashule, na nilitaka macho yao yaangukie majani ya kijani. Tukamwaga urea kwa kuzunguka shina, hata ikagusa gome, nyeupe kama chumvi.

Mzee wetu wa zamu alikuwa anapita, akasimama. Akaniambia polepole, “Kapita, hii ni mingi. Na mvua haiyakuya.”

Nikamjibu, “Papa, hii ni mambo ya kemia.”

Wenzangu walicheka. Mzee akaenda zake.

Siku chache baadaye kikaja kimvua kidogo, siku mbili tu, cha kulowesha vumbi. Tukafurahi. Lakini kabla ya mwezi kwisha ncha za majani zikaanza kuwa rangi ya kahawia, kisha kahawia ikatembea kwenye kingo za majani, kisha majani yenyewe yakaanguka. Wageni walipofika, miti saba ya kando ya barabara ilikuwa kama imepitiwa na moto. Mmoja wao aliuliza, “Nani alichoma miti yenu?” Hakuna aliyejibu. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Sasa nasema lile lililo baya zaidi. Mama mmoja anakaanga mandazi kwenye mlango wa shule, na mtoto wake anasoma hapa, mwaka wa saba. Kila asubuhi kijana huyo alikuwa anabeba majivu ya moto wa mama yake katika ndoo ndogo na kwenda kuyamwaga katika shamba la avoka. Nilimkuta na ndoo mkononi siku mbili baada ya wageni kuondoka. Katika kichwa changu hesabu ilifungwa palepale: majivu yanatoka motoni, majani yameungua, basi ni yeye. Kijana akaniambia, “Kapita, mimi niliweka paka kwa ule mti ya mwisho. Njo mama alinituma.” Mti wa mwisho uko mbali, kwenye ukingo, karibu na ua wa mianzi. Ningetembea hatua mia moja ningeona. Sikutembea.

Kesho yake, wakati wa kusalimu bendera, nilimtaja mbele ya shule nzima. Mlikuwapo. Wengine walimzomea. Alipewa adhabu ya kukata majani siku tano, na katika siku hizo darasa lake likafanya enteroga ya hesabu. Yeye akapata sifuri kwa sababu hakuwapo. Mama yake alihamisha karai lake la mandazi, akaenda kuuzia chini kwenye njia panda, ambako wapita njia ni wachache. Ninyi mliosema tu “mandazi yamekuwa mbali siku hizi” hamkujua sababu. Mimi nilijua, na nilinyamaza.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa imeshika kabisa, mzee wa zamu aliniita. “Kapita, kuya uone.” Alikuwa na jembe. Alinipeleka kwanza kwenye mmoja wa miti yangu saba. Akakwangua udongo karibu na shina, bila nguvu. Tulikuta vijizi vyembamba, vyeusi, vinavyokatika kama uzi uliooza. Kisha tukaenda mpaka kwenye mti wa mwisho, ule wa kijana. Pale wafagiaji hawafiki kwa sababu ya mianzi. Majani ya miaka mingi yamelala juu ya mengine, na juu yake kulikuwa na majivu kidogo, maganda ya ndizi na vumbi la makala. Mzee hakutumia jembe. Aliinua majani kwa mkono tu, na chini yake palikuwa pamejaa mizizi myeupe inayong'aa, mingi kama nyuzi za mkeka, inapanda kuingia ndani ya majani yaliyooza. Mti ule ulikuwa wa kijani, na ulikuwa na vitunda.

Akasema, “Mti haina kinywa kwa shina. Kinywa yake iko huku, pahali kivuli inaishia. Na wewe uliipa chumvi kwa koo.” Kisha akaongeza, “Ule mutoto hakusema bongo.”

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa kemia na karatasi ya hesabu. Aliniambia, kabla ya kuhesabu dawa, hesabu ulichofanya. Tukahesabu. Katika kilo 100 za urea, kilo 46 ni azoti, ile inayokuza majani na kuyatia rangi ya kijani. Nusu mfuko wangu wa kilo 25 ulikuwa na kilo 11 na nusu za azoti. Kuigawia miti saba ni zaidi ya kilo moja na nusu kwa mti mmoja, siku moja, mahali pamoja, katika udongo mkavu. Ule mvua mdogo uliyeyusha mbolea lakini haukuisambaza. Maji yenye chumvi nyingi hayaingii katika mzizi. Yanayavuta maji ya mzizi kutoka nje. Finalisti wa biolojia, hili ni lile somo letu la osimosi, tulilolijibu vizuri kwenye karatasi na kulisahau kwenye shamba. Nilipata alama nzuri ya osimosi. Miti ndiyo iliyoanguka mtihani.

Halafu mwalimu akanionyesha jambo ambalo sikuliwaza kabisa: hata kama ningeitia urea vizuri, ilikuwa haileti kile kilichopungua. Alisema tuangalie tunda linabeba nini likitoka shuleni. Katika kilo 100 za nyama ya avoka mnakuta potasi karibu nusu kilo, azoti karibu gramu 300, na fosfori kama gramu 50. Maana yake, avoka inachukua potasi kuliko kitu kingine. Kila kikapu kinachoshuka Bukavu kinashuka na potasi ya shamba letu, na feza inayorudi haiwezi kuliwa na mti. Urea haina potasi hata chembe. Nayo potasi iko wapi kwa bei ya maskini? Iko katika majivu ya kuni, katika maganda ya ndizi, katika majani yaliyoanguka. Yaani mambo yaleyale tuliyokuwa tunachoma, kufagia na kutupa, na ambayo kijana wa mwaka wa saba alikuwa anayarudisha ndoo moja moja, akaadhibiwa.

Nikauliza, kwa nini basi zamani avoka na migomba ya Bushi ilizaa bila mfuko wowote? Mzee wa zamu alinijibu hili vizuri kuliko kitabu. Zamani, alisema, kila lupango ilikuwa na ng'ombe. Ng'ombe alikwenda kula majani mlimani, jioni akarudi kulala nyumbani, na mavi yake yakabaki penye migomba. Kwa njia hiyo nguvu ya mlima mzima ilikuwa inatembea kwa miguu minne kuja kwenye shamba la nyumbani. Halafu zikaja vita za 1996 na 1998 na miaka iliyofuata, ng'ombe wakachukuliwa, na watu wengi hawakuweza kununua wengine. Tangu pale shamba likaendelea kutoa, lakini kile kilichokuwa kinarudi kilikoma. Udongo wetu huu mwekundu tunaujua pia darasani: ni wa kale, umeoshwa na mvua za miaka mingi, ni mchungu, na unaishika fosfori kwa nguvu hata mizizi inakosa. Kilichokuwa kinaulainisha ni mboji, ule weusi unaotoka katika mavi na majani yaliyooza. Ukiuondoa mboji, unabaki na rangi tu.

Niliporudi kutoka kwa mwalimu nilitafuta kujua zaidi, maana sikutaka tena kuwa mtu wa nusu mfuko. Haya ndiyo niliyoyaelewa, nayaandika ili wale watakaobaki wasiyaanze upya.

Mizizi inayolisha mti wa avoka iko juujuu, mingi katika sentimita 30 za kwanza, na haina vinywele vingi vya kunyonyea kama mimea mingine. Ndiyo maana mti unapenda kulala chini ya blanketi la majani yake mwenyewe, kama ulivyozoea katika misitu ya Amerika ya Kati ulikotoka. Kwa sababu hiyohiyo, jembe la kina chini ya avoka ni kisu. Na maji yakisimama kwenye mizizi, kuna ugonjwa wa kuoza unaoua mti mzima. Mteremko wetu unatusaidia hapo, tusichimbe mashimo ya kukusanya maji karibu na shina.

Majani yanasema, lakini yanasema kwa sauti inayofanana. Majani ya zamani yakigeuka manjano yote, mara nyingi ni njaa ya azoti. Majani mapya yakiwa madogo, membamba, yamebanana kwenye ncha ya tawi, fikiri zinki. Tunda likipinda kama mundu, fikiri boroni. Lakini kingo za majani zikikauka, inaweza kuwa njaa ya potasi, inaweza kuwa ukame, na inaweza kuwa mbolea iliyozidi, kama kwangu. Alama ni moja, sababu ni tatu. Anayeona kingo kavu na kukimbia kuongeza mbolea anaweza kuua mti uliokuwa umeshiba. Ni lazima kuuliza kwanza: nani alikuja hapa, aliweka nini, lini, na mvua ilikuwa wapi.

Mbolea ya duka si sumu, nisieleweke vibaya. Ndugu zetu wa Kenya na wa Njombe kule Tanzania, wanaoziita avoka maparachichi, wanauza Ulaya na mbali zaidi, na wengi wao wanatumia mbolea ya mfuko. Lakini wanaoifaulu wanaigawa kidogo kidogo, udongo ukiwa umelowa, chini ya ukingo wa matawi, wala si kwenye shina. Mfuko ulioandikwa 17-17-17 una azoti, fosfori na potasi kwa kipimo sawa. Katika kilo 50 kuna kilo 8 na nusu za kila moja kama viwanda vinavyohesabu. Huo una maana kuliko urea peke yake kwa mti unaozaa. Lakini bei yake ilipanda sana mwaka wa 2022, wakati wa vita ya Ukraine, na sanduku la wanafunzi halikuanzishwa ili kununua mifuko.

Kwa hiyo tulianza na kilichopo. Tangu mwezi wa kumi na mbili hatuchomi tena majani ya shamba. Tunayarudisha chini ya miti, tukiacha nafasi ya shibiri mbili kuzunguka shina ili gome lisioze. Tunakata titonia, ule mmea wa maua ya manjano, mchungu, unaoota kando ya barabara na ambao mbuzi wengi wanaukataa. Majani yake mabichi yana azoti na potasi nyingi, na wakulima wa magharibi ya Kenya wanayatumia kama mbolea. Wanafunzi wanaofuga dende nyumbani wanaleta samadi yake kwa mifuko midogo, Jumatatu. Tunaiacha ioze kwanza. Majivu tunayatia pia, lakini kwa kipimo, konzi chache zilizosambazwa, kwa maana yakizidi udongo unapita kiasi upande wa pili. Na hatuyachanganyi na samadi mbichi wala urea. Majivu yanaifukuza azoti, inapanda hewani kama amonia; pua yenu itawaambia.

Mwezi wa kwanza wakubwa wa shule walikaa juu ya ile miti saba. Wengine walitaka ikatwe iwe makala, na nafasi yake wapande mikaratusi. Sikuwa na haki ya kusema, lakini niliomba kusema. Nikawakumbusha mfano ulio katika Luka, sura ya 13, wa mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba akaomba mwaka mmoja zaidi, achimbe kuuzunguka na kuutia samadi. Niliusikia mfano huo tangu Shule ya Jumapili na siku zote niliwaza juu ya mtini. Siku ile kwa mara ya kwanza niliwaza juu ya mtunza shamba, kwa sababu labda ni yeye aliyekuwa ameuacha na njaa. Tulipewa mwaka mmoja.

Leo ninapoandika, kati ya miti saba, minne imechipua majani mapya kwenye matawi ya juu. Miwili ina majani machache, sijui itaamua nini. Mmoja umekufa kabisa, ule wa karibu na lango. Niliomba usikatwe haraka. Nataka niupite kila asubuhi mpaka siku ya mwisho.

Inabaki habari ya kijana. Nilipotoka kwa mzee wa zamu siku ile, nilimtafuta, nikamwita nyuma ya darasa, nikamwomba msamaha. Alisema, “Haina neno, kapita.” Alikuwa na haraka ya kuondoka, kama mtu anayeogopa. Mwalimu wa hesabu, nilipomweleza, alikubali kumfanyisha enteroga yake tena, akapata 14 juu ya 20. Nilidhani imekwisha. Halafu nikashuka mpaka njia panda kumwona mama yake. Alikuwa anageuza mandazi. Nilisema maneno yangu yote, hakuinua uso. Mwishowe akasema, “Mutoto yangu ulimusemea mbele ya bendera. Sasa unakuya kuomba musamaha huku kwa mandazi, peke yako?”

Nilipanda mlima na maneno hayo. Alikuwa na haki. Nilimshitaki mbele ya watu wote, nikamwomba msamaha mahali asipoona mtu. Nilifanya kwa mtoto kama nilivyofanya kwa mti: kosa nililiweka barabarani, dawa nikaificha.

Basi ninasema hapa, katika gazeti ambalo kila darasa linalisoma na ambalo wazazi wanapelekewa: yule kijana wa mwaka wa saba hakuunguza mti wowote. Mti wake ndio ulio mzima kuliko yote 19. Aliyeunguza ni mimi, kwa kilo 25 za urea na kwa haraka ya kusifiwa. Mzee wa zamu alinionya, nikamcheka mbele ya wadogo. Papa, na wewe nisamehe. Na wewe mama wa mandazi, mtoto wako hana kosa. Ukirudi kwenye mlango wa shule utakuta tumefagia mahali pako. Majivu yako tunayahitaji.

Kwa kapita atakayenifuata naacha mambo machache. Usichome majani. Usipeleke avoka sokoni bila kuuliza siku hiyohiyo ni nini kitakachorudi chini ya mti. Kabla ya kununua mfuko wowote, chukua udongo wa shamba, uende nao kwa watu waliosoma kazi hii: Bukavu iko na Université Evangélique en Afrique yenye kitivo cha kilimo, na kule Mulungu kuna INERA, waulize. Na mtu akikuambia “hii ni mingi”, simama kwanza, hata kama yeye hakusoma kemia.

Mimi sitaona matunda ya miti ile minne. Yatakapokuja nitakuwa nimeondoka, Mungu akipenda. Kamati imekubali kwamba kazi ya kuangalia shamba mwaka ujao itakuwa ya madarasa ya chini, na kwamba wa kuwaonyesha wenzake namna ya kutia majivu atakuwa yule kijana, kama mwenyewe atakubali. Bado hajanijibu. Simlazimishi.

Nawatakia mitihani mema na likizo njema.

Kapita wenu, mwaka wa mwisho